Simu Haina Jasho

Oktoba, Bahi. Mvua bado ni maneno ya redioni.
Kibanda changu cha uwakala ni bati juu, bati ubavuni,
na ikifika saa saba mchana bati hulia,
tak, tak,
kama mtu anayealisha vidole ndani ya ukuta.

Yoeli Chidawali, muuza mpunga,
alikuwa anatuma ada ya binti yake Kondoa.
Nimebonyeza namba, nimebonyeza siri,
kioo kikawa cheusi, kikaandika:
Joto limezidi. Subiri ipoe.
Yoeli akanitazama kama mwizi.
"Hela yangu iko wapi?"
"Iko kwenye joto," nikasema,
na mwenyewe sikujua nimesema nini.

Nikaipepea kwa daftari la miamala.
Nikaipuliza kama uji wa mtoto.
Mgongo wake ulinichoma vidole.
Nikafungua deli la barafu za ubuyu,
nikataka kuizika humo katikati,
kama kiazi kwenye majivu.

"Utaiua!"
Ni Dorika, fundi simu wa kando ya reli,
ameacha bisibisi mezani, anakuja mbio na kandambili moja.
"Ukiitoa motoni ukaitia barafuni,
umande utalala ndani,
na umande huo hauna mlango wa kutokea."

Akaivua kava,
lile nene la waridi nililoletewa na mdogo wangu.
"Oktoba hii umeivalisha sweta?"
Akachomoa chaja.
"Inakula huku inafanya kazi, tangu asubuhi.
Unamlisha ugali mtu aliyebeba gunia.
Ukiendelea hivi betri itavimba kama andazi,
na andazi hilo haliliwi."

Akafunga vile vyote nilivyoviacha wazi:
ramani, video za harusi ya Manyoni,
mchezo wa mwanangu wa kupanga matofali.
"Mwanga umeuwasha mpaka mwisho ili ulishinde jua.
Jua halishindwi, mama. Geuza kiti.

Na mnara uko mbali.
Simu inauita kutwa nzima,
kama mchungaji anayeita ng'ombe ng'ambo ya mbuga.
Ita wewe kutwa nzima, tuone kama hutachemka."

Kisha akasema, taratibu, akiifuta vumbi kwa upindo wa kanga:
"Wewe ukichoka unatoka jasho,
upepo ukipita unapoa.
Simu haina jasho.
Kazi yake yote inageuka joto,
na wewe usipoipa nafasi ya kulitoa, inalimeza."

Nimewahi kuishi na mtu wa namna hiyo.
Sikumwambia Dorika.

Tukailaza sakafuni, kwenye saruji,
nyuma ya meza, jua lisipofika,
imezimwa, iko uchi, haiguswi.
Yoeli akakaa juu ya gunia lake, akahesabu dakika kwa mdomo.
Treni ya mizigo ikapita,
ikatumwagia upepo wenye harufu ya dizeli,
na sote watatu tukanyoosha shingo.

Ilipowaka, ujumbe ulikuwa unangoja:
Muamala umekamilika.
Saa saba na dakika nne.
Hela ilishaondoka kabla giza halijaingia kiooni;
ilikuwa Kondoa muda wote huu, kivulini,
sisi ndio tuliobaki tunaungua.
Yoeli akasoma mara mbili.
Akaomba barafu moja ya ubuyu. Akalipa.
Dorika alichukua mbili, hakulipa, na sikumdai.

Siku hizi saa saba mpaka saa tisa nafunga.
Nimeandika kwa chaki kwenye bati:
SIMU INAPUMZIKA.
Watu wa stesheni wananicheka,
kuna aliyeongeza chini yake, kwa mkaa: na mwenye simu je?

Nageuza kiti. Navua kilemba.
Simu iko kwenye saruji, mimi niko kwenye mkeka,
jasho linanitiririka mpaka kiunoni.
Upepo hauji kila siku.
Nimelala ubavu, nasikiliza bati.